Unga wa Mama Mkubwa

Kageha, mwanangu,

Umetoka kwenda Mamboleo kuwaaga wenzako wa kwaya, na ninavyowajua mtaimba mpaka mchungaji awafungie mlango, kwa hiyo nina jioni nzima peke yangu. Sitakuandikia habari ya kufua na kupika. Hayo unayajua, na usiyoyajua chuo cha Nakuru kitakufundisha, tena kwa haraka kuliko mimi. Nataka kukujibu swali uliloniuliza mara nyingi, nami kila mara nikajifanya natafuta uzi: kwa nini siku hizi sili kwa Mama Mkubwa wako.

Umekuwa ukidhani tuligombania shamba la babu yako. Nilikuacha udhani hivyo. Ugomvi wa shamba watu wanauelewa, hawaulizi la pili.

Uanze kwa kujua alivyokuwa kwangu. Mama yetu alipokufa, dada yangu Perpetua aliacha shule ili mimi niendelee. Alinisuka nywele, alinipiga nilipokosa, alinisindikiza hadi kwa fundi aliyenifunza kushona. Nilipomleta baba yako nyumbani, Mmaragoli asiyejua hata kusalimu kwa Kijaluo, wazee wakakunja uso, ni yeye aliyesema, "Mwacheni, tutaongea naye Kiswahili." Ndiyo maana nyumba yetu ikawa ya Kiswahili, na ndiyo maana nakuandikia hivi. Na siku baba yako alipopata ajali kwenye barabara ya Busia, alikuja akatandika mkeka kando ya kitanda changu, hakuondoka mpaka nilipoweza kumeza ugali bila kusukumwa. Kwa hiyo nikikuambia nilikula kitu kutoka mkononi mwake bila kuuliza ni nini, usinione mjinga. Ungekuwa mimi ungekula.

Mgongo wangu ulianza kuharibika ulipokuwa bado unavaa sare ya msingi. Kuinamia cherehani mwaka baada ya mwaka si mchezo. Halafu vidole navyo vikaanza kuvimba. Utakumbuka asubuhi ulikuwa unanifunga vifungo vya blauzi, halafu unakimbia shule umechelewa. Nilikuwa nalia nikivaa viatu. Si kulia kwa sauti. Machozi tu yanatoka yenyewe huku nafanya kazi.

Ndipo Perpetua akaniletea unga kwenye mkebe wa siagi. Rangi ya udongo, harufu ya moshi kidogo.

"Ni mizizi," akasema. "Kuna mzee huko Gwassi anachimba. Kijiko moja kwa uji, kila asubuhi. Usiruke siku."

Mwanangu, mkebe huo wa kwanza haukunisaidia, lakini alipoleta wa pili, kabla wiki haijaisha nilikuwa nabeba mtungi wa maji kutoka kwa bomba mwenyewe, nimenyooka kama askari. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Mkebe ulipokaribia kuisha aliniletea mwingine, na mwingine, na wanawake wa ufuo wa Dunga walionisikia wakaanza kumwendea. Wakamwita Mama Dawa. Alikuwa anauza samaki, akawa anauza na unga.

Nikanona. Unakumbuka ulivyonitania kwamba mashavu yangu yamejaa kama mandazi? Kila niliyekutana naye mtaani Nyalenda alisema, "Mama Kageha, maisha imekukubali!" Nikacheka. Nilikuwa na njaa ya mtu aliyetoka kulima, na nguvu za kushona kutwa. Mikono ilikuwa ikipata alama za bluu hata nikigusa tu kona ya meza, nikasema ni uzee. Mapaja yalikuwa yamelegea, kuinuka kwenye kiti nashika ukuta, nikasema ni unene. Kila kitu nilikipa jina lake. Hakuna hata kimoja nilichokipa jina la unga.

Halafu ikaja ile Jumapili kanisa lilipoleta watu wa kupima afya bure. Mimi sikuwa naumwa. Nilienda kwa sababu mke wa mchungaji alinishika mkono, na foleni ilikuwa fupi. Wakanitoboa kidole, wakanitoa na damu ya mkononi. Msichana mwenye glavu akanitoboa kidole cha pili, akaangalia kimashine chake, akaniambia niende kwa daktari pale chini ya hema.

Hapo ndipo nilipomjua Daktari Chebet. Kijana, mpole, lakini haongei akikuangalia begani, anakuangalia machoni.

"Mama, kwenu kuna mtu ana kisukari?"

"Hakuna."

"Sukari yako iko juu. Pressure pia. Na seli nyeupe za damu zimepanda, kama mwili unapigana na kitu. Umekuwa na homa?"

"Mimi? Mimi niko sawa kabisa. Niulize mtu yeyote hapa."

Akatabasamu kidogo. "Sitakuambia una ugonjwa gani leo. Kipimo cha kwanza hakitoshi. Kuja zahanati keshokutwa asubuhi bila kula, tupime tena vizuri."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebeba maneno hayo kama yai. Na unajua mtu wa huku akisikia damu yake ina kitu, anafikiria kitu gani kwanza. Nilifikiria hicho. Nikafikiria safari za baba yako, lori, usiku wa kulala mpakani Malaba, na nikamkasirikia. Nilimkasirikia mtu aliyekufa, Kageha, kwa hasira ambayo sikuwahi kumwonyesha akiwa hai. Niliitoa picha yake ukutani. Uliponiuliza nikakuambia kioo kimechafuka.

Zahanati walinipima hicho nilichokiogopa, na sikuwa nacho. Nikarudi nikaitundika picha, na kwa muda mrefu nilikuwa napita mbele yake nimeinamisha kichwa. Nilikuwa nimemhukumu asiyehusika, kwa sababu tu hakuwepo kujitetea. Anayehusika nilikuwa nampikia chai kila Jumamosi.

Sukari ilikuwa bado juu. Daktari akaniuliza, "Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hakuna."

Sikuona kama nadanganya. Dawa kwangu ni kitu cha hospitali. Ule ulikuwa unga wa dada yangu.

Akanipa vidonge vya sukari. Nikameza. Niliporudi, sukari ilikuwa haijashuka vile alivyotarajia, na safari hii potasiamu ya damu ilikuwa imeshuka, madini fulani yanayoshikilia misuli na moyo. Akaweka karatasi chini, akaniangalia uso mpaka nikaona haya.

"Mama, una picha yako ya zamani?"

Nilikuwa nayo kwa simu, ya harusi ya binamu yangu. Akaishika simu kando ya uso wangu, akaangalia huku, akaangalia kule.

"Huu uso si wa kushiba," akasema. "Nani anakupa kitu cha maumivu?"

Hapo ndipo nilipomtajia unga, na nikaongeza haraka, "Lakini ni wa miti tu, daktari. Ni wa dada yangu."

"Uulete. Na tutatoa damu moja zaidi, ya asubuhi."

Majibu yalipotoka alinielezea pole pole. Kuna kitu mwili wa mtu hutengeneza kila asubuhi cha kumpa nguvu ya kuamka. Wangu ulikuwa karibu umeacha kabisa. Mwili huacha kazi hiyo ukiletewa kitu hicho kutoka nje kwa muda mrefu. Hicho kitu kinaitwa steroidi, ni dawa kali ya kutuliza uvimbe na maumivu, na ndiyo hiyo iliyopandisha sukari, ikajaza mashavu, ikapandisha na zile seli nyeupe bila homa yoyote. Kila kilichokuwa hakieleweki katika damu yangu kikakaa mahali pake.

"Sina mashine ya kuupima huu unga," akasema. "Miti inaweza kuwa ndani, sikatai. Lakini damu yako inasema kuna vidonge vimesagwa humu. Na sikiza vizuri: usiache ghafla. Ukiacha ghafla utaanguka. Nitakupa dawa yenyewe kwa kipimo, tupunguze kidogo kidogo mpaka mwili ukumbuke kazi yake."

Unajua nilifanya nini? Nilienda Dunga moja kwa moja kumwonya dada yangu. Nilikuwa na huruma naye. Njia nzima nilikuwa namlaani yule mzee wa Gwassi, nikifikiria vile Perpetua ataumia akijua amekuwa akiuzwa uongo, na vile tutamtafuta huyo mzee pamoja.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda anaparua sato magamba. Nikachutama mbele yake, nikamshika mkono, na magamba yake.

"Dada, wamekudanganya. Ule unga umetiwa dawa ya hospitali. Umeniharibu damu. Wewe pia uwache kuutumia leo, lakini si ghafla, nitakupeleka kwa daktari wangu."

Hakuinua uso. Akasema, "Mimi siutumii."

Nikadhani sijasikia. Magoti ya Perpetua unayajua. Anashuka ngazi kwa ubavu kama kaa. Akitoka kanisani watu wawili wanamshika.

"Na magoti?"

"Nimezoea."

"Tangu lini hujautumia?"

Akaendelea kuparua samaki aliyekuwa ameshaisha magamba.

"Dada. Tangu lini?"

"Sijawahi."

Mwanangu, nilisimama. Sikumbuki kusimama, nakumbuka tu nilikuwa namwangalia kutoka juu. Nikamwambia aniambie yeye mwenyewe, nisije nikayasikia kwa watu. Na akaniambia. Hakukuwa na mzee wa Gwassi. Mizizi alikuwa anainunua sokoni kama mtu mwingine yeyote, na vidonge alikuwa anavipata dukani kwa jamaa mmoja, anavisaga kwa kinu chake cha njugu.

"Mizizi peke yake haikukusaidia," akasema. "Ile mkebe ya kwanza kabisa nilikupa bila kitu, hukumbuki? Ukaendelea kulia. Nikaweka kidogo."

"Ulijua inafanya nini?"

"Yule wa duka alisema isitumike siku mingi."

"Na ukaniletea mkebe juu ya mkebe!"

Hapo akainua uso, naye analia, na akanipigia kelele mbele ya watu wote wa ufuo: "Ulikuwa unaimba! Yawa, jamani, ulikuwa unashona ukiimba! Ungelala kwa kitanda, nani angeshona? Huyo mtoto angesoma na nini?"

Hilo siwezi kulipinga. Kwa sababu ni kweli. Sare nilizoshona, mavazi ya kwaya, kidato chako cha kwanza mpaka cha nne, vyote nilivishona kwa nguvu zile. Ukiangalia cheti chako, unga huo umo. Lakini mtu akikupa kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukitia mdomoni, amekwishaamua ni mwili wa nani unaoweza kupotea. Angeniambia. Hilo tu. Angesema, "Ndugu yangu, hii inaondoa maumivu na inaharibu mwili, uchague," huenda ningechagua vile vile, kwa ajili yako. Alichoninyang'anya si afya peke yake. Alininyang'anya kuchagua.

Sasa nikuambie kosa langu, maana si la Perpetua. Nilifika nyumbani nikaumwaga unga wote chooni. Na hasira ilivyokuwa imenijaa, nikamwaga na vidonge alivyonipa Daktari Chebet. Nikasema hakuna kitu cha mtu kitakachoingia mwilini mwangu tena. Alikuwa amenionya waziwazi. Nilimsikia. Nilikuwa tu nimechoka kuamini.

Unayajua yaliyofuata, ila hukujua chanzo. Nilianza kutapika, miguu ikaisha, na uliporudi kutoka shule ukanikuta sakafuni kando ya cherehani, nimelowa jasho. Ulimwita jirani, mkanipakia kwenye pikipiki, mimi katikati, wewe nyuma umenikumbatia, na njia nzima nilisikia ukisema kwenye sikio langu, "Mama, hesabu. Mama, hesabu nami." Nilikuwa sioni. Nilikuwa nashikilia sauti yako tu. Hospitali walinidunga sindano, wakaniwekea dripu, na nilipofumbua macho ukaambiwa ni malaria. Mimi ndiye niliyemwomba muuguzi aseme hivyo. Ulikuwa na mtihani, na ulikuwa unampenda Mama Mkubwa wako.

Hasira yangu ilikuwa ya haki, Kageha, na karibu iniue. Sikujua mambo hayo mawili yanaweza kwenda pamoja.

Alikuja wodini na uji kwenye chupa ya chai. Nikageukia ukuta. Uji uliunywa wewe.

Nilipopata nafuu nilibaki na jambo lingine: wale wanawake wa Dunga. Nilikuwa nimewaita mwenyewe kwa ushuhuda wangu. Na Daktari Chebet alisema wasiambiwe tu "acheni," maana wataanguka kama mimi. Waambiwe waje zahanati na mikebe yao. Nikaenda kuwatafuta mmoja mmoja, pale wanapoanika dagaa wa omena. Mama Rosa, unamjua, yule mzee wa omena, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Unaonea dadako wivu kwa sababu anainuka." Wengine wakacheka. Mmoja akaniambia nimerogwa, nitafute maombi. Nilirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Wachache wakaja zahanati kisirisiri. Mama Rosa alikuja baadaye sana, ameshikwa na wanawe, na mkebe ameufunga ndani ya leso. Yuko hai. Hanisalimu, lakini yuko hai.

Perpetua aliacha kuuza pale ufuoni. Ananiapia kwamba ameacha kabisa. Kuna watu wanasema anauza mahali pengine. Sijui. Na hili ndilo linaloniuma kuliko mgongo: hata akisema ukweli, sina tena sikio la kuusikia. Nilikuwa na mtu mmoja duniani ambaye sikuwa naangalia mkono wake ukiwa na nini. Sasa naangalia mikono yote. Hata wako, mwanangu. Juzi uliponiletea maji nilinusa kikombe kwanza, na uliona. Nisamehe.

Sukari yangu imeshuka. Vidonge vya kupunguza nimebaki na kipimo kidogo sana, na daktari anasema mwili umeanza kukumbuka. Mashavu ya mandazi yameisha, na sasa watu wananiuliza ni nini kimenipata nimekonda hivi. Mgongo umerudi vile vile. Nashona kidogo, napumzika, nashona tena.

Huko uendako utapimwa. Vyuo hupima. Siku moja mtu atakuita kando akuambie damu yako ina namba asiyoitarajia. Utaogopa, na utaanza kutafuta wa kumlaumu kabla hujapimwa mara ya pili, kama nilivyomtoa baba yako ukutani. Mwache kwanza akupime tena. Na akikuuliza unatumia nini, mwambie vyote, hata ulichopewa na mtu anayekupenda. Hasa hicho. Mimi ningetaja unga siku ya kwanza, ningekuokoa usinibebe kwenye pikipiki.

Sikuandikii haya ili umchukie. Kesho atakuwepo steji ya mabasi kukuaga, na utamkumbatia kama kawaida, maana wewe hakukukosea, na kuna mambo aliyokutendea ambayo sitaki yafutike. Ninataka tu mtu mmoja zaidi ajue ninachokijua. Ni kizito kukibeba peke yangu katika nyumba ambayo kuanzia kesho haitakuwa na mtu.

Na kuna jambo atakuambia, kwa hiyo ulisikie kwangu kwanza. Jana ulipoenda kununua sanduku alikuja na samaki wa kukaushwa wa safari yako. Alisimama mlangoni, hakuingia mpaka nilipomwambia aingie. Nikampa chai. Tulikaa. Aliniuliza mgongo, nikasema unauma. Hatukuongea lingine. Kesho atakuambia tumepatana, na atalia kwa furaha.

Hatujapatana. Sijamsamehe, na sijui kama nitamsamehe. Ile ilikuwa chai tu. Lakini niliijaza maziwa, karibu yote maziwa, vile alivyokuwa akininywesha nilipokuwa mdogo, na nilikuwa nimekwisha kuimimina ndipo nikaona mkono wangu umefanya nini.

Nasikia lango. Unaimba.

Mama yako